Kujivunia hatua ndogo za uandishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waandishi wa kujifurahisha

Ukurasa huu ni wa watu wanaoandika mashairi, hadithi fupi au kumbukumbu kwa mapenzi tu: baada ya kazi, usiku watoto wakishalala, au ndani ya daladala na matatu. Hakuna anayewalipa, na mara nyingi hakuna anayewauliza wamefikia wapi. Ndiyo maana kazi nzuri hupita hata mwenyewe asiitambue, na asiyetambua alichokifanya huacha mapema. Majibu haya yanahusu jinsi ya kuitambua kazi yako, kuipima, kuitunza na kuifurahia.

Je, mtu asiyechapisha kitabu anaweza kujiita mwandishi?

Anaweza. Mwana Kupona wa Pate, katika karne ya 19, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Hakuwa na mchapishaji wala soko, alikuwa na msomaji mmoja anayempenda. Shaaban Robert alikula mshahara wa ukarani serikalini kwa miaka mingi, akianzia idara ya forodha, na kalamu yake ya usiku ndiyo tunayoikumbuka leo. Anayeandika na kurudi kuandika tena ni mwandishi. Kuchapishwa ni hatua nyingine, yenye masharti yake.

Hatua ndogo ni ipi hasa? Nisije nikajipongeza kwa kufungua daftari tu.

Tunatumia vipimo vitatu. Kwanza, iwe na mwisho unaoonekana: "nimemaliza ubeti wa tatu" inafaa, "nimeiendeleza hadithi" haifai, kwa sababu huwezi kuonyesha ilipoishia. Pili, iwe imo mikononi mwako. Kusifiwa na mtu, kushinda au kupata wasomaji wengi ni mambo ya wengine. Yakija shukuru, lakini usiyaweke kwenye orodha ya kazi yako. Tatu, iwe ni kitu ambacho jana hukuwa nacho.

Kwa hiyo hizi ni hatua halali: kumaliza rasimu ya kwanza hata ikiwa mbaya, kufuta aya uliyoipenda kwa sababu haikuwa na kazi, kusoma hadithi yako kwa sauti mbele ya mtu mmoja, kuandika mazungumzo ambayo wahusika wawili wanasikika kama watu wawili tofauti, kupata kichwa cha habari baada ya kuhangaika wiki nzima. Kufungua daftari nako kunahesabika, ila kwa mtu aliyekuwa ameacha tu. Tutafika huko.

Kwetu kujisifu ni aibu. Nitajivuniaje bila kuonekana nina majivuno?

Swali hili lina mizizi. Tumelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", na tumeonywa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali zote mbili zina hekima, lakini ziangalie vizuri zinamlenga nani. Ya kwanza inamhusu aliye sokoni, na wewe huuzi kitu. Ya pili inamwonya anayelegea baada ya sifa za watu. Hakuna hata moja inayokukataza kujua, kimoyomoyo na kwa haki, kwamba leo umefanya kazi nzuri.

Tofauti hujitokeza kwenye sentensi unayoitoa mdomoni. "Nimemaliza hadithi yangu ya kwanza, ina kurasa sita" ni habari, na aliye karibu nawe atafurahi kuisikia. "Hakuna anayeandika kama mimi mtaa huu" ni majivuno, tena hayathibitiki. Taja kitu ulichokifanya na ukubwa wake, kisha nyamaza. Ukipongezwa jibu "ahsante, nimeihangaikia". Kujibu "aa, ni upuuzi tu" hakufai: anayekupongeza amekupa neno jema, na ukilikataa unamfundisha asirudie.

Niziandike wapi hizo hatua?

Kwenye daftari la kazi, lililo mbali na daftari la kuandikia hadithi zenyewe. Kaunta buku ndogo inatosha, au faili moja kwenye simu. Kila ukimaliza kuandika, hata kwa dakika kumi, jaza mambo manne: tarehe, nilichokifanya, nilipokwama, na neno la kuanzia kesho. Mfano wa mtunga mashairi (mizani ni silabi za mshororo, kina ni silabi inayofanana mwishoni, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti):

*3 Machi. Dk 20. Ubeti wa 2 umetimia mizani. Nimekwama: kina cha -vu kimeniishia. Kesho: jaribu -ni.*

*5 Machi. Dk 15. Nimebadili kina cha ubeti wa 3 kuwa -ni, mishororo 2 imekaa. Nimekwama: kituo. Kesho: anza na kituo, urudi nyuma.*

Sehemu ya nne ndiyo inayookoa watu wengi. Mwandishi anayejua ataanzia wapi kesho haketi mbele ya karatasi tupu, na karatasi tupu huwafukuza watu kuliko ukosefu wa muda. Sehemu ya tatu nayo isiachwe. Daftari lenye mafanikio matupu hukuchosha kulijaza, na hufika mahali ukaacha kuliamini. Ukiona ulipokwama tarehe 3 na ulivyojinasua tarehe 5, unayo sababu ya kweli ya kujivunia.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kujaza kwa mkupuo mwisho wa wiki: utakumbuka siku mbaya na kusahau dakika kumi za Jumanne. La pili ni kuandika hisia peke yake ("leo nimeandika vibaya"). Hisia hazipimiki, na baada ya mwezi hutajua vibaya vipi. Mwisho wa mwezi soma kurasa zote mara moja na uchague hatua moja kubwa kuliko nyingine. Moja tu, uipigie mstari.

Nihesabu maneno, kurasa au dakika?

Anayeanza ahesabu dakika, kwa sababu dakika unazimiliki. Weka 15 kwa siku nne za wiki, si siku saba. Ukipanga saba, mgeni mmoja au mgonjwa mmoja nyumbani anatosha kukufanya ujione umeshindwa. Ukishazoea, hamia kwenye maneno. Ukurasa wa kaunta buku kwa mwandiko wa kawaida hubeba takriban maneno 150 hadi 200, na hiyo ni kazi ya heshima kwa usiku mmoja.

Tahadhari: usijipime kwa malengo ya waandishi wa Kiingereza. Yale mashindano ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, yaliyoanzia Marekani mwaka 1999, yalipangwa kwa lugha inayotawanya maneno. Kiswahili hukusanya mtenda, wakati na mtendewa ndani ya neno moja: "nitakuandikia" kwenye kompyuta ni moja. Hadithi ileile kwa Kiswahili hutoka na maneno machache bila kupungukiwa chochote. Anayejilazimisha kufikia idadi ya kigeni huishia kuingiza "kwa kweli", "kiukweli" na "katika hali hiyo" kila mstari ili kujaza.

Naandika mashairi. Nitajuaje ubeti umekamilika na ninaweza kuufurahia?

Ushairi wa mapokeo una bahati hii: ubeti hujipima wenyewe. Katika tarbia ya kawaida, ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (kipande cha pili), vina vya kati vinafanana na vya mwisho vinafanana hadi mshororo wa tatu. Wa nne waweza kuwa kibwagizo kinachorudiwa. Ukitimiza hayo una kitu kamili mkononi, kidogo kama kilivyo.

Hesabu kwa vidole, silabi moja kidole kimoja. Chukua mshororo huu:

*Kalamu nimeshaishika, karatasi iko wazi*

Utao una 8: ka-ra-ta-si-i-ko-wa-zi. Ukwapi una 9: ka-la-mu-ni-me-sha-i-shi-ka. Umezidi. Toa "sha" na ukwapi unakaa: *Kalamu nimeishika*. Mshororo unaofuata ukiwa *Maneno yanamiminika*, una 9 tena. Hapa anayeondoka ni "na", unabaki na *Maneno yamiminika, yaja yenyewe si kazi*, 8 kwa 8, vina -ka na -zi. Kufupisha kitenzi namna hii ni ruhusa ya kale ya washairi. Ila usikate hadi maana ipotee: mizani ikitimia na mshororo usieleweke, bado una kazi.

Mahali watu wanapokosea zaidi ni "m" na "n". "Mtoto" ni tatu (m-to-to), "mbele" ni mbili (mbe-le), "nchi" ni mbili (n-chi), "mwana" ni mbili (mwa-na). Maneno kama "labda" na "daftari" washairi wengi huyahesabu kwa kuipa konsonanti iliyo peke yake mizani yake: la-b-da tatu, da-f-ta-ri nne. Ukichagua njia hiyo ifuate shairi zima.

Kuhusu vina: -ka, -wa na -sha vina maneno tele kwa sababu vitenzi vingi huishia hapo, na -ni inasaidiwa na mahali (nyumbani, njiani) pamoja na amri kwa wengi (njooni, semeni). Anza na hivyo. Ukishatunga beti tano bila kuchechemea, jipe kina kigumu kimoja na uandike kwenye daftari la kazi siku ulipokishinda. Ukiona bado tarbia ni nzito, utenzi ni mwepesi kuingia: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vikifanana kina, cha nne kikibeba kina kinachokwenda nacho utenzi mzima.

Wanaotunga mashairi huru hawana kipimo hiki, kwa hiyo wanahitaji kujiwekea chao: soma kwa sauti, na kila mstari ambao ulimi umejikwaa weka alama. Ukisoma mara mbili mfululizo bila alama mpya, limekamilika kwa sasa.

Nina mianzo kumi ya hadithi na sijawahi kumaliza hata moja.

Acha kuanzisha ya kumi na moja. Chagua katika hizo kumi ile yenye wahusika wachache, si ile unayoipenda zaidi. Unayoipenda zaidi ndiyo iliyokushinda kwa sababu umeipandisha mno moyoni. Ipunguze hadi watu wawili, mahali pamoja, na tukio lisilozidi saa moja. Kisha andika sentensi ya mwisho kabla ya kuendelea. Si lazima ibaki hivyo, ila ukijua unakokwenda, maneno 500 yanatosha kufika.

Mkwamo wa katikati mara nyingi una chanzo kimoja: mhusika hataki kitu. Amekaa, anafikiri, anakumbuka. Mpe hitaji la leo (nauli, funguo, jibu la simu) na mtu anayemzuia. Hadithi mbovu iliyokwisha ina thamani kuliko mianzo kumi mizuri, kwa sababu imekufundisha kufunga, na kufunga hakujifunziki kwa njia nyingine. Hatua hii, ya kumaliza mara ya kwanza, ndiyo tunayoiheshimu kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Nimwonyeshe nani kwanza?

Mtu mmoja anayesoma kwa hiari yake. Si lazima awe mwandishi. Mpe kazi iliyokwisha, maana ukionyesha nusu utapata ushauri wa kuendeleza na hadithi itageuka yake. Usimwulize "umeionaje?", atajibu "nzuri" na mtaishia hapo. Uliza matatu: Ulichoka wapi? Ni wapi hukuelewa nani anasema? Ni kitu gani unakikumbuka bila kutazama tena? Andika majibu bila kujitetea. Jibu la tatu ndilo la kujivunia: akikumbuka kofia ya mzee au harufu ya mafuta ya taa, umefaulu kumfikishia kitu.

Nilituma shairi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Watu wameliruka wakaendelea na habari za mchango wa harusi.

Inauma, na hutokea karibu kila kundi. Kundi la mchango ni la mchango. Ujumbe mrefu kwenye kioo kidogo husomwa nusu, hasa ukiingia katikati ya mazungumzo ya fedha. Ukimya huo hausemi chochote kuhusu mizani yako. Shairi lilelile mtumie shangazi peke yake, au lirekodi kwa sauti yako lisilozidi dakika mbili. Watu wetu husikiliza ushairi kwa urahisi kuliko wanavyousoma. Na kwenye daftari la kazi andika "nimemaliza beti sita", usiandike "hakuna aliyejibu".

Mtu amenikosoa vikali mbele za watu. Nifanye nini?

Siku hiyo usibadilishe chochote. Baada ya siku mbili au tatu chukua maneno yake uyachambue: lipi linataja mahali maalumu kwenye kazi? "Mshororo wa pili umezidi mizani" linahesabika, lihesabu. "Huna kipaji" halitaji mahali, liache lipite. Kosa lililoonyeshwa na kurekebishwa liingie kwenye daftari kama hatua yoyote nyingine.

Kazi yangu haikuchaguliwa kwenye shindano. Kuna cha kujivunia hapo?

Kipo, kwa sharti kwamba uliituma ikiwa imekamilika na kwa kufuata masharti. Kuandaa muswada wa mashindano ni kazi yenyewe: kusahihisha tahajia, kuweka namba za kurasa, kukaa ndani ya idadi ya maneno, kuondoa jina lako pale panapotakiwa, kuandika muhtasari. Wengi huanguka hapo kabla hata ya kusomwa. Kabla ya kutuma, chapisha masharti kwenye karatasi na uyawekee tiki moja moja. Tuma angalau siku mbili kabla ya mwisho. Mtandao huelemewa usiku wa siku ya mwisho.

Milango ipo. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walipatikana 2023. Kuna pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Na historia inatia moyo: Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar aliingia mashindano ya hadithi ya 1957–58, akashika nafasi ya kwanza, na muswada ule ukatoka kama kitabu mwaka 1960. Wengine wote walioshiriki nao walikuwa wamemaliza miswada yao, na hilo halikupotea.

Ila mtu anayeanza asianzie kwenye tuzo za kitaifa. Anza na siku ya ushairi shuleni, msikitini, kanisani, au hafla za Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai.

Naogopa kuibiwa, kwa hiyo naficha kila kitu.

Tanzania na Kenya zimo kwenye Mkataba wa Berne, na chini ya mkataba huo hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa. Si lazima uisajili kwanza ili iwe yako. Kinachokusaidia ukigombana na mtu ni ushahidi wa tarehe: rasimu za mkono, daftari la kazi, na nakala uliyojitumia kwa barua pepe. Ukitaka uthibitisho rasmi, ofisi za hakimiliki zipo: COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya.

Hizo barua pepe zina faida nyingine kubwa zaidi. Simu huibiwa mara nyingi kuliko mashairi. Kila Ijumaa jitumie faili zote, na uzipe majina yanayoanza na tarehe: 2025-03-07-kisima-rasimu2. Usifute rasimu ya kwanza. Ukiiweka kando ya ya nne utaona kwa macho yako ulivyokua.

Nisherehekeeje bila kutumia fedha nyingi?

Tengeneza kijitabu. Karatasi 4 za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, hukupa kurasa 16 za A5, zinazotosha mashairi kumi na mbili pamoja na jalada na yaliyomo. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu usizozipanga. Kurasa zinazokaa bega kwa bega kwenye upande mmoja wa karatasi jumla yake huwa 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, kisha 14 na 3, nyuma yake 4 na 13, endelea hivyo hadi 8 na 9 katikati. Mwambie wa steshenari achape nakala moja kwanza, uikunje pale pale dukani na kuihakiki kabla ya kulipia zilizobaki. Kosa la kawaida ni upande wa pili kutoka kichwa chini. Mwambie ageuze karatasi kwa ubavu mfupi.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Shona: toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano, tumia uzi wa sentimita 50. Ingiza kutoka ndani kupitia tundu la kati, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani utokee tundu la chini, kisha ingia tena tundu la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi mrefu uliopita ndani. Andika mwaka kwenye ukurasa wa pili. Nakala tano zinatosha: moja yako, nne za watu watakaozisoma.

Niliacha miezi minane. Narudije bila kuona aibu?

Usisome kazi za zamani siku ya kwanza. Utazipenda ukaogopa kutozifikia, au utazichukia. Fungua daftari la kazi, andika tarehe ya leo chini ya ile ya mwisho bila kuacha nafasi na bila maelezo ya kwa nini ulipotea. Andika kwa dakika kumi kuhusu kitu kilichopo mezani. Siku hiyo, kufungua daftari ni hatua, na uiandike hivyo hivyo: "Dk 10. Nimerudi." Ya pili ifuate ndani ya siku tatu, kabla mkono haujapoa.